Oksidesheni ya shilamu ya kiko ni nini, na kwanini haitoki kwa kuosha

Wazee wengi huku kwetu Iringa walikua na viko, vile vya mti vya kuvutia tumbaku, hasa waliofanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku ya Wagiriki enzi hizo, na vingi bado vipo majumbani, juu ya kabati au ndani ya kopo la misumari. Ukikichukua leo unakuta bori lake, pale tumbaku inapokaa, ni zima kabisa, ukilifuta tu mistari ya mti inarudi, ila ile sehemu ya kuweka mdomoni imekua na rangi isiyoeleweka, kijani kimechanganyika na kahawia kama jani la tumbaku lililotolewa bani kabla halijawa tayari. Watu wa pwani kwenye viko vyao vya maji ule mrija wa mdomoni waliuita shilamu, huku wengi husema tu mdomo wa kiko, mi ntatumia shilamu maana ni neno zuri na tumeliacha bure. Sasa ile rangi ndo inaitwa oksidesheni, na karibu kila anayeanza anadhani ni uchafu. Sio uchafu. Ni shilamu yenyewe imegeuka.

Ili uelewe inabidi ujue imetengenezwa na nini. Shilamu nyingi za zamani sio plastiki, ni mpira, huuhuu mpira unaotoka kwenye utomvu wa mti, umepikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu kama mfupa. Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kupika mpira na salfa mwaka 1844, na mdogo wake Nelson akapata ya huu mpira mgumu mwaka 1851. Kwenye tairi salfa ni asilimia chache tu, kwenye huu inafika 30 hivi. Ukisuguliwa vizuri unakua mweusi tii, na jina lake, eboniti, limetokana na mpingo.

Hiyo salfa ndo chanzo cha yote. Mwanga wa jua ukipiga juu ya mpira unavunja vunja ile ngozi ya juu kabisa, oksijeni ya kwenye hewa inaingia, salfa iliyokua imefungwa humo inaachia, na ikikutana na unyevu inazaa asidi kidogo, ndo maana shilamu ya hivyo ukiigusa na ulimi ni chungu na ina kaukali flani. Ni ndugu wa kutu kwenye bati, au parachichi ulilokata ukaliacha mezani likageuka kahawia. Hakuna kilichokuja kukaa juu yake, kilichokuwepo ndo kimebadilika.

Mi nilielewa siku nilipokitoa kiko cha marehemu babu dirishani kwa bibi, Kalenga. Kilikua kimelala palepale miaka na miaka, ubavu mmoja unatazama jua la asubuhi. Nikakigeuza. Upande wa juu kijani njano, umekwaruza kama ukucha, upande wa chini uliolalia ubao bado mweusi unang'aa, na katikati mstari umenyooka kama umechorwa na rula. Kiko kilekile, mate yaleyale, moshi uleule, tofauti ni mwanga tu.

Kabla hujaanza kusugua hakikisha ni mpira kweli, maana za akriliki, ambayo ni aina ya plastiki, hazigeuki hivi. Isugue kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka ipate joto halafu nusa, ukisikia harufu ya salfa, ile ya unga wanaopulizia mikorosho, basi ni mpira.

Kuisafisha sasa. Kwa kua ni ngozi yenyewe imeharibika, lazima uiondoe, kidogo sana, mpaka ukute mpira mzima chini. Nenda kwa mafundi wa rangi za magari uwaombe msasa wa maji, namba 400 ya kuanzia kama imeharibika sana, kisha 600, 1000, 2000, na usiruke namba maana mikwaruzo ya msasa mkali hautaiona mpaka mwisho ukianza kung'arisha, hapo ndo inajitokeza yote. Chovya msasa kwenye maji, sugua taratibu, maji yatatoka ya kahawia kama chai ya rangi na harufu yake utaijua, futa, angalia kwenye mwanga, rudia. Kile cha babu kilinila jioni tatu. Mwisho kabisa dawa ya meno nyeupe ya kawaida kwenye kitambaa, halafu tone la mafuta ya zeituni, liache usiku kucha, asubuhi ufute.

Kitu kimoja muhimu, usiichomoe shilamu wakati unasugua pale inapoungana na mti. Ukiichomoa unakula ile kona, ukiirudisha inabaki na kingo za mviringo, haikai sawa tena, na hiyo hairekebishiki. Iache kwenye kiko, mti uzungushie tepu ya wapaka rangi usikwaruzike.

Njia za mkato zipo na mi sizipendi. Ile dawa ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe inaondoa rangi kweli ila inaacha mpira umetoboka toboka, utasugua mara mbili zaidi. Na maji ya moto mi mwenyewe nilijaribu, nikaitumbukiza shilamu kwenye sufuria imetoka jikoni sasa hivi, ikatoka kijani zaidi ya ilivyoingia, na ule mpindo wake mzuri ukaanza kunyooka, maana huu mpira ukipata joto unataka kurudi umbo lake la kwanza. Nilibahatika kuupindisha tena ukiwa bado wa moto nikaushika chini ya maji baridi. Ila hiyohiyo tabia inasaidia kwenye vishimo vilivyoachwa na meno ya mvutaji kwenye shilamu, ukiipitisha juu ya moto wa kiberiti haraka haraka bila kuiacha hapo, vinainuka kiasi.

Ndani ya tundu ni rahisi, spiriti ya duka la dawa na uzi wa pamba mpaka utoke mweupe.

Ukimaliza usikirudishe dirishani, rangi itarudi. Cha babu sa hivi kipo kwenye droo ya bibi, kimefungwa kwenye kipande cha khanga, na kila nikienda Kalenga nakitoa naenda nacho mlangoni kwenye mwanga, naangalia pale karibu kabisa na kiungo ambapo msasa haukufika vizuri.