"Mtoto aje na mzazi wake" siyo sheria ya umri

Wiki hii tena nimeletewa rasimu ya kanuni za klabu niipitie, na pale kwenye wageni wadogo kuna mstari mmoja tu: "Watoto waje na wazazi wao." Basi. Nikamuuliza mwenyekiti, mzee wangu, mbona umri siuoni? Akanijibu kama wanavyonijibu wote, eti mtoto akiwa na mzazi wake umri wa nini tena, memba wetu ni watu wazima wenye busara zao. Jamani. Hii kauli nimeisikia mara nyingi mpaka imenichosha.

Hebu tuanze na huyo mgeni mwenyewe. Mtoto wa memba yupo kwenye fomu ya familia, tarehe yake ya kuzaliwa iko kwenye faili, huyo siyo mgeni. Mgeni ni rafiki yake wa darasani, binamu aliyekuja likizo, mtoto wa jirani. Mzazi wake hayupo, na pengine hata klabu ilipo hapajui! Sasa ukisoma sheria yako ilivyoandikwa, mtu wa geti inabidi amrudishe huyo mtoto kwao, na wote tunajua hamrudishi kwa sababu kaja kwenye gari la memba, kwa hiyo sheria inavunjwa siku ya kwanza na kuanzia hapo mtu wa geti hatasimamia nyingine yoyote.

Andika mwenyeji, usiandike mzazi. Mwenyeji ni memba aliyetimiza miaka 18, anasaini kitabu cha wageni na anabaki ndani ya klabu mpaka mgeni wake aondoke. Hilo la kubaki wengi hawaliandiki, halafu mtu anashusha watoto watano bwawani anaenda zake mjini, moyoni anasema si mlinzi wa bwawa yupo. Mlinzi wa bwawa anaangalia maji yote na watu wote waliomo, hawezi kumfuata mtoto mmoja mmoja, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi hata kelele. Na memba junia je? Wa miaka 15 akimleta mwenzake wa miaka 15, usipoweka hiyo 18 umemfanya mtoto awajibike kwa mtoto.

Haya, namba. Hapa ndipo ninapogombana na kamati. "Chini ya miaka 12" na "miaka 12 na chini ya hapo" siyo kitu kimoja, ya kwanza inakoma siku mtoto anatimiza 12, ya pili inaendelea mpaka siku moja kabla hajatimiza 13, yaani mwaka mzima umepita katikati. Halafu kuna "hadi miaka 12", hilo ndilo linanitoa jasho, maana nusu ya chumba wanasema inaishia akitimiza na nusu wanasema mpaka aimalize, na wote wanaongea Kiswahili safi. Ongeza wale wanaosema mtoto "ana 12" kumbe anaingia 12. Ongeza na watu wa mpira, ambao wana hesabu yao: Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2023 liliruhusu waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2006, kwa hiyo mchezaji aliyeshatimiza 17 alicheza kihalali kabisa kwenye mashindano tunayoyaita ya chini ya 17. Kwenye mashindano ni sawa, wamepanga hivyo. Getini haifai. Andika "ambaye hajatimiza miaka 12 siku anayoingia", imeisha.

Neno "mtoto" peke yake nalo liondoe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unamhesabu mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, sasa ukiandika "watoto watumie bwawa dogo" umemtuma kijana wa 17 akaoge na wanaojifunza kutembea. Kila sehemu ipewe umri wake. Baa sina maneno mengi, sheria ya nchi ndiyo inatangulia, klabu inaweza kukaza lakini haiwezi kulegeza.

Ila niseme ukweli, namba zenyewe zinanisumbua. Jimu nimeandika 16 kwenye kanuni za klabu zaidi ya moja, kwa sababu hasa wengine waliandika 16, wakati nimeona binti wa 14 aliyefundishwa vizuri ananyanyua kwa uangalifu kuliko baba yake. Lakini mtu wa geti hawezi kupima akili, anaweza kusoma tarehe. Na tarehe ya mgeni anaitoa wapi? Kudai cheti cha kuzaliwa getini ni kumdhalilisha mtoto mbele ya wenzake, kwa hiyo mimi naweka mwenyeji aiandike mwenyewe kitabuni na asaini, akidanganya kosa ni lake. Haizuii uongo wote, nakubali. Na hawa wa 15 mpaka 17, waruhusiwe kuachwa peke yao kwenye uwanja wa tenisi mwenyeji akiwa mgahawani? Nimebadilisha mawazo mara mbili, kwenye rasimu hii nimewaruhusu.

Nimemrudishia mzee rasimu yake jana. Kasema kamati itauliza kwa nini nimefuta "hadi" kila mahali, nikamwambia aniite nije kuwaeleza.