Uvimbe kwenye titi: "Bado mdogo" si majibu ya kipimo

Maswali na majibu haya ni kwa wasichana na akina mama vijana, wa miaka ya 20 na 30. Hao ndio tunaowapokea kliniki wakiwa wamezungushwa miezi mingi, na uvimbe umeshafika hatua ya kuonekana kwa macho.

Saratani ya matiti ni nini?

Ni chembe hai za titi zinazokua bila mpangilio, zikatengeneza uvimbe, kisha zikasambaa kwenye tezi za kwapani, mifupa, mapafu, ini au ubongo. Uvimbe mwingi kwa wasichana si saratani. Wengi tunawakuta na fibroadenoma, kivimbe kisicho na madhara kinachoteleza chini ya vidole. Lakini hilo hujulikana baada ya kupima.

Nina miaka 24. Si bado mdogo kupata kansa?

Hapana. Uwezekano wako ni mdogo kuliko wa mama wa miaka 55, lakini upo. Afrika kusini mwa Sahara, sehemu kubwa ya wanaougua wako chini ya miaka 50. Tena saratani inayowapata vijana mara nyingi ni ya aina inayokua haraka. Kwa hiyo mwenye muda mchache zaidi wa kupoteza ni kijana, na huyo huyo ndiye anayeambiwa asubiri! Umri si kipimo. Hakuna maabara inayotoa majibu ya "bado mdogo".

Lakini uvimbe wenyewe hauumi.

Saratani ya matiti inapoanza, mara nyingi haiumi kabisa. Watu wanangoja maumivu, na maumivu yanapokuja ngozi imeshapasuka na kwapa limejaa tezi. Hauumi? Nenda. Unauma? Nenda pia.

Nilikwenda kituo cha afya. Nilishikwa nikaambiwa ni homoni, nirudi ukikua. Nifanyeje?

Usingoje ukue. Rudi wiki hii.

Uvimbe wa titi hupimwa kwa hatua tatu: daktari anashika, inapigwa picha, na ikihitajika kinachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, kwa sindano. Ukiwa chini ya miaka 30 hivi, picha ya kuanzia ni ultrasaundi, kwa sababu nyama ya titi la kijana imeshikana sana na mamografia (eksirei ya titi) haioni vizuri ndani yake. Kushikwa peke yake ni hatua moja kati ya tatu. Aliyekushika akakurudisha nyumbani hajamaliza kazi.

Najua ni vigumu kumwambia daktari hivyo. Wengi mmelelewa kunyamaza mbele ya mtu mwenye koti jeupe, na foleni nyuma yenu ni ndefu. Sema kwa adabu, lakini sema: "Daktari, naomba nipigwe ultrasaundi. Kama hapa haipo, naomba rufaa ya maandishi." Akisema si kansa, muulize: "Umejuaje? Ni kipimo gani kimeonyesha?" Hayo si matusi wala ujuaji. Muombe aandike kwenye faili lako kwamba umelalamika uvimbe, upande gani, na tangu lini. Akikataa, nenda kituo kingine ukiwa na karatasi zako zote mkononi.

Ikiamuliwa kwamba unafuatiliwa tu baada ya picha, ondoka na tarehe ya kurudi. "Ukikua njoo" si tarehe. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Zihesabu siku zako.

Nanyonyesha. Si ni maziwa yameganda tu?

Huenda. Nyonyesha au kamua hadi titi liwe tupu, kisha shika tena. Uvimbe ukiwa bado upo baada ya wiki mbili, unahitaji picha. Ukipewa antibayotiki za jipu na titi likabaki jekundu na gumu baada ya dozi kwisha, usikubali dozi nyingine na nyingine tena bila kupimwa, maana ipo saratani inayojifanya jipu. Na tafadhali, habari ya "maliza kwanza kunyonyesha" au "jifungue kwanza" tuiache. Ultrasaundi na sindano ya kinyama hufanyika kwa mjamzito na kwa anayenyonyesha pia.

Wanasema ukichomwa sindano kansa inaamka na kusambaa.

Si kweli. Si kweli hata kidogo. Wanaosema hivyo wamemwona jirani aliyepimwa kisha akafa, lakini jirani yule alifika hospitali akiwa hatua ya nne, saratani imeshasambaa mwilini. Kilichosambaza saratani ni miezi aliyokaa nyumbani akipaka mafuta na kunywa mizizi. Bila kinyama hakuna anayeweza kujua ni saratani ya aina gani wala itibiwe kwa dawa zipi. Unapigwa ganzi, kinyama kinachukuliwa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Majibu yakitoka omba nakala, uitunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Nijichunguze vipi?

Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha. Simama mbele ya kioo, kisha shika titi lote hadi kwapani kwa vidole vilivyolala. Shida si kupata uvimbe tu: chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu kwenye chuchu, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, titi moja kubadilika umbo. Lengo ni ulijue titi lako, ili mtu akikwambia "ndivyo ulivyo" uweze kumjibu kwamba mwezi uliopita halikuwa hivi.

Kwetu hakuna aliyeugua.

Wagonjwa wengi nao kwao hakuna. Lakini kama mama, dada, shangazi au bibi aliugua, hasa kabla ya miaka 50, litaje hilo bila kungoja kuulizwa.

Nikikutwa nayo, lazima titi likatwe?

Si lazima. Uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo, mara nyingi unaweza kuondolewa wenyewe na titi likabaki, kisha ukapigwa mionzi, tiba inayopatikana hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Ukichelewa, nafasi hiyo hupungua. Na kama bado unataka watoto, mwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza ya kemotherapia, yaani dawa za kuua chembe za saratani. Dawa hizo zinaweza kuathiri mayai, na mipango ya kulinda uzazi hufanywa kabla hazijaanza.