Si kila ua wa mawe ni kaburi: akiolojia ya Waturuki wa kale

Kosa lililowasumbua sana watafiti wa Waturuki wa kale wa Altai na Mongolia (karne ya 6 hadi ya 10) ni kudhani kila ua wa mawe una maiti chini yake. Ua huo ni mraba wa mabamba ya mawe yaliyosimikwa kwa ubavu, kwa kawaida mita 2 hadi 5 kila upande. Mashariki yake husimama sanamu ya mtu aliyeshika kikombe, kisha safu ya mawe yaitwayo balbali. Ukichimba ndani unakuta mkaa, mifupa ya kondoo au farasi na shimo la nguzo. Mifupa ya binadamu huikuti. Ni mahali pa kumbukumbu na tambiko.

Utafiti ulianza na maandishi. Mwaka 1889 Nikolai Yadrintsev alifika kwenye nguzo zenye maandishi za bonde la Orkhon, Mongolia, na mwaka 1893 Vilhelm Thomsen akafumbua mwandiko wa nguzo hizo. Ndipo Kul Tigin, mwanamfalme wa Waturuki aliyefariki mwaka 731, na kaka yake Bilge Khagan, mtawala wao, wakajulikana kwa majina. Majembe yalichelewa. Lumír Jisl alichimbua eneo la kumbukumbu la Kul Tigin mwaka 1958, akapata kichwa cha marumaru cha sanamu ya mwanamfalme huyo. Kwenye eneo la Bilge, mwaka 2001, zilipatikana dhahabu, fedha na taji. Kaburi lenyewe halikupatikana kwa yeyote kati yao.

Makaburi halisi yalifunuliwa zaidi Altai. Pale Kudyrge, mwaka 1924 na 1925, Rudenko na Glukhov walikuta watu wamezikwa na farasi wao, ilhali kumbukumbu za Wachina zinasema Waturuki walichoma maiti. Kwangu, mvutano huo ndio kiini cha somo zima, na haujaisha.

Kaburi la farasi linataka subira. Gawa rundo la mawe katika robo nne, ukiacha kuta za udongo katikati ili tabaka zisomeke. Farasi hulala kando ya mtu, mara nyingi nyuma ya kizuizi cha mawe au magogo, kichwa chake kikielekea upande wa pili. Mbao za tandiko huoza. Vinabaki vikuku (vyuma vya kukanyagia vya mpanda farasi), lijamu na vipande vya mfupa. Pima vilipo kabla ya kuinua chochote, maana kikuku kikishasogea, umbo la tandiko limepotea moja kwa moja. Angalia pia udongo uliochanganyika: huenda ni shimo la wezi, au Mturuki alizikwa ndani ya kilima cha kaburi cha Waskithi, watu wa nyika waliowatangulia Waturuki, na hapo mkaa wa chini utakupa tarehe ya zamani mno.

Sarafu nayo hudanganya. Kaiyuan Tongbao, sarafu ya Kichina, ilianza kutolewa mwaka 621 ikatumika kwa karne kadhaa. Ukiikuta, kaburi si la kabla ya 621, basi. Umri uliobaki utafute kwenye umbo la vikuku na kwenye kipimo cha umri cha kaboni-14 cha mifupa ya farasi.