Mstari mmoja kwenye kipimo cha nano hauthibitishi kwamba maji ni salama

Wengi huamini kwamba kipimo chenye chembe za nano, kwa udogo wake, hunasa hata bakteria mmoja. Sivyo. Kwenye ukanda wa kupimia E. coli O157, aina ya bakteria wa utumbo anayeleta ugonjwa wa kuhara, chembe za dhahabu za nanomita 40 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hubebeshwa kingamwili, yaani protini zinazomshika bakteria huyo. Mstari mwekundu wa kuonyesha bakteria huonekana pale tu chembe nyingi mno zinaporundikana mahali pamoja, na kwa kawaida hilo huhitaji bakteria kati ya 10,000 na milioni moja kwa kila mililita. Ilhali mwongozo wa WHO unataka E. coli wa aina yoyote asipatikane katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Ndiyo maana sampuli hukuzwa kwanza: chuja mililita 100, tumbukiza kichujio kwenye mchuzi wa kukuzia, acha kwenye nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24, kisha dondoshea ukanda. Kuruka hatua hii ndiko kunakowapa watu matumaini ya uongo. Mstari wa udhibiti, yaani ule mwingine unaoonyesha tu kwamba ukanda unafanya kazi, usipotokea, tupa ukanda. Huenda umeingia unyevu. Kingamwili pia hushika bakteria waliokufa, hivyo mstari wa bakteria pekee hauonyeshi kama wako hai.