Je wajua kwa nini wota pampu ya gari ina kitundu kinachovuja makusudi?

Chukua tochi umulike wota pampu ya gari la zamani, mfano hizi Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ambazo hapa Arusha zimejaa kwenye utalii. Upande wa chini utaona kitundu kidogo, hakina bolti wala kizibo. Siku kikianza kudondosha maji utasikia pampu imetoboka, na wapo wanaotafuta gundi ya chuma wakizibe. Jamani msikizibe. Kimewekwa na kiwanda na kazi yake ndo hiyo, kuvuja.

Iko hivi. Ndani ya pampu kuna mapanga yanayosukuma maji yazunguke kwenye injini na rejeta, yamekaa kwenye shafti, na shafti hiyohiyo inatokeza nje mpaka kwenye puli inayozungushwa na feni belti. Sasa huku kuna maji, huku kuna beringi yenye grisi, na hivi viwili havitakiwi kukutana kabisa, kinachovitenganisha ni sili. Sili yenyewe sio mpira mtupu, ina nyuso mbili ngumu, mara nyingi moja kaboni moja kauri, springi inazibana zinasuguana muda wote injini inawaka huku utando mwembamba wa kulanti (yale maji ya rejeta yenye dawa) ukizilainisha. Zikichakaa maji yanapenya. Kusingekua na kitundu yangeingia kwenye beringi, grisi ioshwe, kutu ishike, shafti ianze kucheza, ndo mana kati ya sili na beringi wakaacha njia ya kutokea ili maji yaanguke chini uyaone mapema.

Ukiziba umeyaelekeza maji kwenye beringi kwa mkono wako. Na kwenye 1HZ feni imefungwa hapohapo mbele ya pampu, beringi ikifa feni inayumba mpaka inakula rejeta, gari inachemsha, ukilazimisha kutembea gasketi ya silinda hedi inaungua au hedi yenyewe inapinda. Hapo bei ya pampu utaiona ndogo sana.

Huku kwetu kuna jambo lingine la milima. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 95 hivi, na ukingo wa Ngorongoro wenye mita kama 2,300 yanachemka kwenye 92. Kinachookoa gari ni presha, mfuniko wa rejeta unaifungia ndani na kiwango cha kuchemka kinapanda kupita nyuzi 110. Pampu inayovuja inapoteza maji na presha pia, kwaiyo gari inaweza kuzunguka Njiro wiki nzima bila shida, afu siku imebeba mzigo ukimaliza Mto wa Mbu ukaanza kupanda kuelekea Karatu geji ya joto inaenda juu.

Mbona nyingine zinakufa mapema? Kikubwa ni maji matupu ya bomba. Watu wanasema huku hakuna barafu kulanti ya nini, lakini kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na chembe za kutu zikifika kwenye zile nyuso za sili zinazichimba kama msasa. Kingine ni belti iliyokazwa kupita kiasi, inaivuta beringi upande mmoja mpaka inachoka.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezima na imepoa, shika feni juu na chini utikise, ukisikia inacheza kwenye shafti au inakwaruza ukiizungusha, hiyo imeisha. Angalia na chini ya kitundu, ukikuta mchirizi mkavu wa rangi ya kulanti au ukoko mweupe ujue imekua ikidondosha hata kama saa hiyo ni pakavu. Wenye RAV4 za mwanzo zenye injini ya 3S muwe makini zaidi, pampu inazungushwa na taimingi belti, ile belti ya ndani ya injini, imejificha nyuma ya kava, kwaiyo belti ikibadilishwa badilisha na pampu.

Kwenye kubadilisha fundi anamwaga kulanti, anatoa belti na feni, anafungua bolti. Bolti mara nyingi hazilingani urefu, nzuri ni kuzichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wake, mana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi unaweza kupasua. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote bila kuchimba chuma, na silikoni ipakwe kidogo sana, ile inayofurika kwa ndani inamenyeka na kwenda kuziba rejeta. Bolti zikazwe kwa kupishana. Kulanti ikishajazwa washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa ya baridi, hita weka moto, acha hewa itoke huku ukiongeza mpaka thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto, ifunguke na mpira wa rejeta upate joto.

Pampu mpya ikitoa tone moja moja mwanzoni usiikimbize dukani, nyuso za sili zinazoeana kwanza. Ikiendelea kuacha doa chini ya gari baada ya siku chache, irudishe.