Msitu wa Ituri haulishi mtu bure

Wengi hudhani mwenyeji wa kijiji kilicho katikati ya msitu wa mvua hana haja ya shamba wala soko: akiingia porini, chakula kipo. Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, mambo si hivyo.

Wambuti, wawindaji mashuhuri wa msitu huo, hula sana muhogo, ndizi na mchele wa mashambani. Kwa vizazi vingi wamebadilishana vitu na wakulima Wabila na Walese: huleta asali, majani ya mangongo ya kuezekea na nyama ya mboloko, yule paa mdogo wa msituni, wakaondoka na unga, chumvi na visu. Porini vyakula vya wanga ndivyo taabu. Viazi mwitu vimetawanyika, na mboloko hana mafuta ya kutosha. Asali nayo ina msimu wake (na msimu huo hakuna anayetaka kubaki kijijini).

Na ardhi? Miti mirefu huwadanganya wageni. Rutuba nyingi imo ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza juujuu. Mkulima hufyeka, huchoma, majivu yakampa mavuno ya miaka michache, kisha huhamia kipande kingine.

Wala si kweli kwamba vijiji hivi vimejitenga. Epulu, ndani ya hifadhi ya okapi (mnyama wa jamii ya twiga) iliyoanzishwa mwaka 1992, kiko kwenye barabara iendayo Kisangani. Sabuni na chumvi hufika kwa lori au baiskeli. Mvua ikikaza, lori huzama topeni hadi ekseli, na bei hupanda kabla halijanasuliwa.