Paja limekonda baada ya upasuaji wa goti? Usikimbilie sindano

Miezi ya karibuni dirisha letu la dawa linapokea vijana waliofanyiwa upasuaji wa kano ya goti, ile ambayo watangazaji wa mpira huiita ACL, wakiulizia "sindano ya kurudisha misuli". Wengine hawaulizi, wameshachomwa mtaani. Mmoja alikuja na magongo, mkononi kifuko cheusi chenye vichupa vitatu: deksamethasoni, vitamini B, na cha tatu kisicho na jina la kiwanda wala namba ya usajili, mafuta ya manjano tu. Ilikuwa wiki ya sita tangu apasuliwe. Wenzetu wa fiziotherapia walipopima mapaja kwa futi ya kamba, la mguu uliopasuliwa lilipungua sentimita 4.

Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kwa kazi ya kurudisha nguvu za misuli baada ya upasuaji huu. Haijafichwa popote, wala haiuzwi kwa wenye fedha peke yao.

Chanzo cha paja kukonda ni goti lenyewe. Likivimba, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza msuli wa mbele wa paja inapunguzwa. Majaribio yameonyesha kuwa mililita 20 hadi 30 za maji ndani ya goti, yaani vijiko vinne hadi sita vya chai, zinatosha kudhoofisha sehemu ya ndani ya msuli huo. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa "kaza paja", anakaza mpaka jasho linamtoka, lakini pia ya goti, yaani kifupa cha mbele ya goti, haisogei hata kidogo. Msuli huo haujapungukiwa dawa, umekosa amri.

Deksamethasoni ni steroidi, ndiyo, lakini si ya kujenga misuli. Ikitumiwa kwa muda inaila misuli, inapandisha sukari na kudhoofisha kinga wakati kidonda bado kibichi. Uso unaojaa na kuonekana umenawiri ni maji na mafuta. Tumelieleza hili mara nyingi sana, na inaumiza kuona dawa hii bado inauzwa kama ya "kunenepesha". Vitamini B inamsaidia aliyepungukiwa nayo. Kreatini, kirutubisho cha unga wanachotumia wanamichezo, ilijaribiwa kwa wagonjwa 60 wa upasuaji huu, matokeo yakatoka mwaka 2004: hapakuwa na tofauti. Homoni ya ukuaji ilijaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kwa wanaume 19 tu. Matokeo yalitia moyo, lakini idadi hiyo haitoshi kumwandikia mtu dawa. Testosteroni, homoni ya kiume, ya kujichoma huzima uzalishaji wa mbegu za kiume, na damu huweza kuganda.

Sasa upande wa sheria, maana hapa ndipo maswali yanapozidi. Deksamethasoni, testosteroni na homoni ya ukuaji ni dawa za cheti cha daktari. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuziuza, na duka la dawa la aina yoyote haliruhusiwi kuchoma sindano. Hapa Tanzania usimamizi uko chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi, Sura 311. Kuuza dawa isiyosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ni kosa chini ya Sura 219. Unga wa protini, kwa kuwa ni chakula, tangu mwaka 2019 uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, hivyo usiupeleke TMDA kulalamika. Kwa mchezaji, testosteroni na nandroloni, steroidi ya kujenga misuli, zimepigwa marufuku muda wote, na adhabu inaanzia kufungiwa miaka 4 asipothibitisha kuwa hakukusudia. Tangu 1 Januari 2022 sindano zote za kundi la deksamethasoni zimekatazwa pia wakati wa mashindano. Kibali cha matumizi kwa sababu za matibabu kipo, ila "paja limekonda" si sababu inayokubalika.

Dawa yenye kazi hapa ni ya maumivu, kwa kuwa goti linalouma halifanyi mazoezi. Meza parasetamoli uliyoandikiwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mazoezi, usizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Diklofenaki usijiongezee siku. Tumbo na figo vinaumia. Weka barafu, inua mguu. Kunja taulo, liweke chini ya goti, ligandamize kwa sekunde tano, pumzika, rudia. Pia ya goti ikianza kupanda, amri imerudi. Uliza pia kama kliniki yako ina mashine ya umeme mdogo wa kuamsha msuli. Hiyo ina ushahidi. Kula mayai, maharage, dagaa kila siku.

Muda nao haununuliki. Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia kano hiyo hiyo Oktoba 2020, akarudi uwanjani mwisho wa Julai 2021. Liverpool, pamoja na madaktari wao wote, walisubiri miezi tisa. Wewe unataka wiki nane?

Kama umeshachomwa, usitupe vichupa. Vilete pamoja na boksi na risiti kama ipo. Tutajaza fomu ya njano ya madhara ya dawa, na wewe utajaza ya kijani, ya mgonjwa. Hatutakuuliza kwa nini ulichomwa. Tutauliza ni lini, kiasi gani, na kama goti lina joto au usaha.